Thumni ya Kobe: Tulivyolipima na Kuliuza Gari la Marehemu Baba

Baba alipofariki hakuacha mengi ya kugombewa. Nyumba yetu ya Tudor, Mombasa, ilikuwa imeandikwa jina la Mama tangu zamani, vitabu vyake alikuwa amekwisha kuvitoa kwa msikiti wa mtaani, na madeni yake hayakuzidi kurasa mbili za daftari. Kilichobaki kwa jina lake hasa kilikuwa ni Volkswagen Beetle ya mfano wa 1968, ya rangi ya buluu hafifu, ambayo nyumbani haikuwahi kuitwa kwa jina lingine ila Kobe.

Warithi tulikuwa sita: Mama, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wanaojua hesabu za mirathi watakuwa wameshaona kwamba mgao wetu ulikuja kwa urahisi usio wa kawaida, kwani Mama ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na thumni saba zinazosalia zikigawanywa kwa mtoto wa kiume kuchukua mara mbili ya binti, kila dada anapata thumni moja na kila kaka mbili. (Sisi tuliokulia Mombasa tulilijua neno hilo kwanza kwa sarafu ya senti hamsini, kabla ya kulisikia kwa kadhi.) Hesabu ilikuwa nyepesi, lakini ilidai jambo moja ambalo hatukuwa nalo, nalo ni bei, kwa kuwa huwezi kumpa mtu thumni ya kitu ambacho hujui thamani yake.

Kwa muda wa wiki tatu tulipewa bei tatu ambazo hazikufanana hata kidogo. Mkadiriaji aliyezoea kuyapima magari kwa ajili ya bima alilizunguka Kobe kwa dakika kumi, akaandika shilingi 90,000, na nilipomwuliza ameipataje akanionyesha jedwali linalopunguza thamani ya gari kila mwaka hadi linapofikia kiwango cha chini kabisa na kukaa hapo. Kwa jedwali hilo, gari la miaka ishirini na gari la miaka hamsini ni chuma chakavu kwa kiwango kimoja. Dalali mmoja alitaja 250,000 taslimu ikiwa tungemwachia kabla ya Ijumaa, na haraka yake hiyo ndiyo iliyonifanya nisimwachie. Kakangu aliye Dubai naye, ambaye alikuwa ameona kwenye simu yake bei za minada ya Ulaya, alisema kwamba gari lile halipungui milioni moja na nusu, kisha akaongeza kuwa kwa maoni yake halipaswi kuuzwa kabisa bali liwekwe kwa kumbukumbu. Dada mkubwa alimjibu, "Kumbukumbu ya watu sita haikai kwenye geti la mtu mmoja, kaka. Ukilitaka, utulipe thumni zetu." Kaka hakulirudia neno hilo tena.

Hapo nikaona kwamba lazima nijifundishe mwenyewe. Kosa la kwanza nililokutana nalo, hata kwa watu wanaoyapenda magari haya, ni kudhani kwamba Volkswagen ya namna hii ni ya thamani kwa kuwa ni adimu. Si adimu hata chembe. Yaliundwa 21,529,464, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, wakati Kobe letu lilikuwa limekwisha kuzeeka. Brazili nako waliendelea kuyaunda hadi 1986, wakasita, kisha wakaanza upya mwaka 1993 na kuendelea hadi 1996. Ndiyo maana spea zake bado zinapatikana, na ndiyo maana mtu mwenye fedha na subira anaweza kulijenga upya gari lililooza. Kilicho adimu ni lile ambalo halikuhitaji kujengwa upya: lenye sakafu iliyotoka nayo kiwandani, milango inayofunga kwa sauti ile ile, na nyaya za umeme ambazo hakuna fundi aliyezikata ili afunge redio yenye kelele. Hapa Kenya hali hiyo inazidi kukazwa na kanuni isiyoruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane, maana yake ni kwamba yaliyomo ndiyo hayo hayo, na kila moja linalooza nyuma ya karakana halina mbadala utakaoshuka bandarini Kilindini.

Nilimwita mzee mmoja wa Majengo aliyewahi kuyatengeneza magari haya kwa zaidi ya miaka arubaini, nami nikakaa naye siku nzima. Nilitarajia aanze na injini. Yeye alitandika gunia chini, akalala chali, akaingia uvunguni na kisu kidogo cha jikoni.

"Injini hushushwa na kupandishwa kwa asubuhi moja," akasema kutoka huko chini. "Bodi ikioza, utaishusha wapi?"

Kisu chake kilikuwa kinatafuta kutu, na alijua mahali pa kuitafuta. Chini ya milango, kila upande, gari hili lina mfereji wa chuma uliokusudiwa kupeleka hewa ya moto mbele, kwa ajili ya watu wa nchi za theluji. Hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kuihitaji hewa hiyo, lakini mifereji yenyewe ndiyo inayobeba bodi juu ya sakafu, na ikiliwa na kutu gari linalegea katikati hata kama kwa nje linang'aa. Akatoka hapo akaenda kwenye kichwa cha chasi mbele, kwenye kibweta kinachohifadhi tairi la akiba, kwenye vishikio vya bampa la nyuma, na mwisho akanyanyua kiti cha nyuma, kwa sababu betri ya gari hili hukaa chini ya abiria na tindikali yake ikimwagika hutoboa sakafu kimya kimya miaka nenda miaka rudi. Sakafu yetu ilikuwa nzima. Chumvi ya bahari inayokula mabati ya mapaa yetu ilikuwa imelikosa Kobe, na siri yake sote tuliijua, maana tangu tukiwa watoto Baba alikuwa akitutoa uwanjani kila mwaka kabla ya masika, analipaka gari oili chafu uvungu mzima kwa brashi, kisha anatukataza kulikaribia na nguo za madrasa.

Pale pale chini ya kiti cha nyuma ndipo ilipochongwa namba ya chasi, nayo kwa magari ya miaka ile husomeka kama barua. Yetu ilianza na 118: tarakimu mbili za kwanza zinataja aina ya gari, na 8 inataja mwaka wa mfano, yaani 1968. Hata bila namba mtu angeweza kulitambua, kwani mfano huo ndio ulioleta taa za mbele zilizosimama wima, mabampa mapana ya pembe, na mfuniko wa petroli nje upande wa kulia badala ya kulazimika kufungua boneti. Namba ya injini imechongwa chini ya dainamo, na ilianza na herufi H, ambayo ni alama ya injini ya sentimita za ujazo 1,493 yenye nguvu farasi 44. Mzee alisoma namba yote kwa sauti huku mimi nikifuatisha kwenye kitabu cha gari, tarakimu kwa tarakimu, na zilipolingana hadi ya mwisho akanikonyeza. Alinieleza kwamba magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini mara mbili au tatu, na hakuna ubaya kwa anayetaka kusafiri tu, lakini kwa mnunuzi anayejua anachokitafuta, namba zinazolingana ni fedha.

Injini yenyewe aliipima kwa kuishika puli ya nyuma kwa mikono miwili, akaivuta na kuisukuma huku akisikiliza. Mchezo wa mhimili wa injini, yaani nafasi unayosogea mbele na nyuma, ukizidi milimita 0.15, injini inataka kufunguliwa. Yetu aliipima kwa geji ikawa 0.10. Oili ilikuwa ikidondoka kidogo, jambo ambalo alisema lingemtia wasiwasi kama lisingekuwepo. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha kama kilivyo, nacho ni mipira ya petroli iliyokauka juu ya injini, kwani ndiyo inayoyaunguza magari haya barabarani, na kwa maneno yake "uasilia wa moto haununuliwi na mtu." Tuliibadilisha siku hiyo hiyo.

Sumaku ilitoa habari mbaya. Mzee aliifunga katika kitambaa laini akaipitisha kwenye bati zima, nayo ikashika kila mahali isipokuwa kwenye madigadi ya nyuma ya kushoto, ambako ilianguka kama jani. Chini ya rangi kulikuwa na fila nene, ule udongo wa kuzibia mbonyeo, ambao sumaku haiushiki. Mama, aliyekuwa akitutazama kutoka barazani, alikumbuka mara moja: mkokoteni wa maji, Mwembe Tayari, mwaka 1996, na Baba kutosema na mtu siku mbili.

Jirani mmoja alitushauri kwa nia njema tulipige gari rangi upya kabla ya kulitangaza. Rangi ya paa ilikuwa imepauka kwa jua, na ni kweli kwamba picha zingependeza zaidi. Lakini rangi mpya kwenye gari la zamani humfanya mnunuzi mwerevu ajiulize imefunika nini, na rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi. Tuliliosha, tukalipaka nta, tukaacha.

Sasa bei. Njia niliyoifuata ni ya kihasibu, nami naona bado ni bora kuliko kutazama minada ya nchi nyingine. Nilijiuliza ni gharama gani angeingia mtu ambaye hakulipata gari letu na akalazimika kulitengeneza mfano wake. Kulikuwa na Volkswagen iliyooza iliyokuwa ikiuzwa Changamwe kwa 120,000. Mzee alinikadiria kazi ya sakafu na mifereji, rangi, viti, nyaya, breki na injini, tukafika kati ya 480,000 na 550,000, bila kuhesabu mwaka mmoja wa kuhangaika. Kwa hiyo gari letu, ambalo lilikuwa tayari, lilisimama mahali fulani kati ya 600,000 na 670,000. Nikalitangaza kwa 700,000 ili niwe na nafasi ya kushuka, maana mnunuzi asiyepunguziwa hujiona ameibiwa.

Kwenye tangazo niliandika mengi kuliko ilivyo desturi, na picha ya kwanza baada ya ile ya gari zima ilikuwa ya madigadi yenye fila. Nilitaja pia kwamba matairi, ingawa yalikuwa na meno, yalikuwa na alama 0908, yaani yaliundwa wiki ya tisa ya mwaka 2008, na hayafai kwa safari ya mbali. Rafiki aliyenisaidia kupiga picha alitaka niandike kwamba hili ni gari lililoshinda Safari Rally. Ni kweli kwamba Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na Baba alikuwa akilisimulia jina la Tommy Fjastad kama mtu anayemsimulia ndugu yake, lakini ushindi wa gari lingine hauongezi kitu kwenye sakafu ya hili, na nililifuta neno hilo.

Lililonipa taabu zaidi ni mita. Mita ya gari hili ina tarakimu tano tu, kwa hiyo ikifika maili 99,999 hurudi sifuri na kuanza upya bila kuacha dalili. Siku niliyolipiga picha ilikuwa ikisomeka 41,000 na kidogo. Kila aliyepiga simu aliuliza, kwa sauti ya matumaini, "Ni maili elfu arubaini kweli?" na kila mara nilijua kwamba kukaa kimya tu kungetosha, kusingekuwa hata uongo wa kutamkwa. Lakini nyumbani kulikuwa na daftari. Baba alilinunua gari mwaka 1974, kutoka kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akirejea kwao Uingereza, na tangu siku hiyo aliandika kila petroli aliyotia, kila oili aliyobadilisha, kila plagi na kila safari ya nje ya kisiwa, kwa mwandiko wake wa ukarani uliolala kidogo upande wa kulia. Ukurasa wa Novemba 1989 una mstari mmoja uliopigiwa mstari chini: "Mita imegeuka, daraja la Mtwapa, watoto wameshangilia." Nilikuwemo. Kwa hiyo gari lilikuwa limetembea maili 141,000, na ndivyo nilivyowajibu wote, na wawili kati yao hawakupiga tena.

Waliokuja kuliona walikuwa wa namna mbalimbali. Kijana mmoja mpole alitaka kulishusha karibu na ardhi, kulitia rimu pana na kulipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Fedha zake zilikuwa halali kama za mtu mwingine yeyote, lakini alitoa 400,000 kwa sababu yote tuliyoyahifadhi yalikuwa kwake ni vitu vya kung'oa, na sikuona kwa nini alipie asichokitaka. Bwana mwingine alilitaka kwa kukodisha kwenye harusi. Wa tatu hakutaka kuliona gari hata kidogo, alitaka tu kutuma hundi ya benki na dereva siku ya Jumamosi mchana benki zikiwa zimefungwa, na huyo sikuhitaji mzee wa Majengo kunifahamisha.

Wa nne alikuwa daktari wa Nakuru. Alikuja na gunia lake mwenyewe la kulalia. Alitazama yale yale aliyoyatazama mzee, kwa mpangilio ule ule, akasema tu kwamba huko kwao juu hewa ni kavu na kwamba oili chafu itapumzika. Alikusudia kulipeleka siku moja kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, yaani mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambako waamuzi huchungulia hadi uvunguni. Alitoa 580,000. Nilimwonyesha daftari ili kumthibitishia habari ya mita, naye akalifungua, akasoma kurasa kama kumi bila kusema neno, kisha akaliweka juu ya meza na kusema, "Pamoja na hili, 640,000."

Sikuwa na jibu. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimepima bati, injini, namba na mipira, na kumbe kulikuwa na kitu kingine cha shilingi 60,000 ambacho sikuwa nimekiweka kwenye orodha, na sikujua kama kilikuwa cha gari au cha kwetu. Nikamwomba anisubiri, nikaingia ndani kumwuliza Mama. Alilichukua daftari, akatafuta ukurasa wa mwaka aliozaliwa dada mdogo, ambapo Baba aliandika "Makadara, usiku, maili 3, petroli karibu imekwisha," akacheka peke yake. Akanirudishia.

"Mpe," akasema. "Baba yako hakuwa akijiandikia. Alikuwa akiliandikia gari. Lakini nipigie picha kurasa zote kwanza, na za mwanzo uzipige vizuri, mkono wako unatetemeka."

Daktari alisubiri barazani saa mbili, akaletewa chai na mahamri. Kurasa zilikuwa 212.

Upande wa karatasi ulikuwa mrefu kuliko kuuza kwenyewe, nami namshauri kila mwenye gari la marehemu uani asitangaze kitu kabla ya kuumaliza. Gari lililoandikwa jina la marehemu haliwezi kuhamishwa na mwanawe kwa sababu tu funguo ziko mfukoni mwake. Tulikwenda Mahakama ya Kadhi na cheti cha kifo na orodha ya warithi, tukakaa miezi kadhaa, na gari likahamishwa kwanza kwa jina la msimamizi wa mirathi, yaani mimi. Baada ya hapo, kumhamishia mnunuzi kulikuwa ni kazi ya kukaa wawili na simu, mimi nikianzisha kwenye akaunti yangu ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na yeye akikubali kwenye yake. Fedha zilipokelewa ndani ya benki, mbele ya karani, kabla sijabonyeza chochote. Daktari alilipandisha gari kwenye lori kwa sababu ya matairi yale, na nilipomwona akilifunga kamba nikajua kwamba hakunitania aliposema atalitunza, maana alizipitisha kwenye chasi na si kwenye bampa.

Thumni ya 640,000 ni 80,000. Mama alipewa yake, dada zetu watatu zao, mimi na kaka 160,000 kila mmoja, na ya kaka ilitumwa Dubai pamoja na picha za kurasa zote 212, ambazo alizipokea kabla ya fedha na kunipigia simu kuhusu hizo tu.

Wiki ya tatu daktari alipiga. Kulikuwa na mlio mdogo wa vali, akasema, gari likishapata moto, upande wa silinda ya tatu. Katika magari ya kabla ya 1971 kipozea oili hukaa mbele ya silinda hiyo na kuinyima upepo, ndiyo maana huchemka kuliko wenzake na vali zake kuhitaji kutazamwa mapema. Baba alilijua hilo, na aliandika pia alilolifanya. Nilifungua picha kwenye simu yangu, nikazipitisha kwa kidole hadi nikaupata mwandiko.

"Tazama ukurasa wa Juni 1991," nikamwambia, "mstari wa nne kutoka chini."

Nilisikia akipekua.